Filamu ya mazoezi ni nini?

Filamu ya mazoezi hukaa na waigizaji kabla pazia halijafunguliwa. Tunawaona wakisoma, wakikosea, wakirudia. Mchezo wenyewe mara nyingi hatuuoni. Si sawa na filamu ya kuonyesha jinsi onyesho fulani lilivyofana. Hapa hadithi inasukumwa na kule kutofika jukwaani.

Mfano mzuri, ingawa hautajwi sana, ni Paris nous appartient ya Mfaransa Jacques Rivette. Alianza kuipiga mwaka 1958, ikafika sinema 1961, kwani fedha zilikuwa za kuungaunga. (Rafiki yake Truffaut, naye mtengeneza filamu, alimfanyia utani: katika Les 400 coups ya 1959, familia inakwenda kuitazama filamu hiyo ya Rivette, ambayo ilikuwa bado haijakamilika.)

Katika filamu ya Rivette, kijana Gérard anaandaa Pericles, tamthilia ya Shakespeare, bila senti ya kuwalipa waigizaji. Mwenye kupata kibarua cha fedha anaaga. Mtu aweza kudhani limebaki pengo moja tu, akatafutwa mwingine, basi. Wapi! Mwigizaji hujua zamu yake kwa neno la mwisho la mwenzake, na hujua pa kusimama kwa kuangalia mwenzake kasimama wapi. Akitoka mmoja, wote wanaocheza naye wanaanza upya pamoja na mgeni.

Anne, mwanafunzi wa fasihi, anajikuta akisoma maneno ya Marina, binti wa Pericles, kwa kuwa mwenye nafasi hiyo hayupo. Kuziba pengo hivyo kuna gharama yake: karatasi inachukua mkono, macho yanabaki chini, na anayejibizana naye anaongea na utosi badala ya uso. Maneno yanasikika yote, lakini hakuna tendo lililofanyiwa zoezi.

Hata Gérard anapopata ukumbi wa kweli, wenye ukumbi wanatia mikono, na mchezo unamponyoka.

Rivette aliirudia dhana hii kwa ukubwa wa kutisha katika Out 1 ya 1971: takriban saa 13, vikundi viwili vikifanyia mazoezi tamthilia mbili za Aeskilo, mtunzi wa Ugiriki ya kale, waigizaji wakijitungia maneno yao wenyewe. Hakuna kikundi kinachofika jukwaani. Mgeni asianzie hapo. Aanze na ile ya 1961, na kila zoezi linapoanza ahesabu nani hakuja.