Acha kuweka globu za wati 100 kwenye Land Rover ya zamani, tatizo liko kwenye waya

Kila Land Rover 109 ya zamani ikiingia gereji na taa zinawaka kama koroboi, mwenyewe kabla hajafunga mlango ananiambia fundi niwekee globu za wati 100. Hasemi nipime wala niangalie wairingi, anataka globu tu, kasikia kwa mwenzake. Kumuelewesha mmoja mmoja nimechoka, kwa hiyo leo naandika.

UONGO WA KWANZA, NDIO UNAONICHOSHA ZAIDI: taa hafifu maana yake globu ni ndogo.

Sio kweli jamani. Globu ya H4, ile ya taa kubwa yenye full na dim pamoja, ya kawaida ni 60/55, yaani wati 60 za full na 55 za dim, na ikipata umeme wake kamili inamulika mbali vizuri tu. Shida ni safari ya huo umeme. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5, taa mbili ampea 10, na hizo ampea 10 zote zinatoka betri zinapita kwenye swichi ya dashibodi, zikitoka hapo zinaenda kwenye swichi ya dim, ambayo kwa matoleo ya zamani ya Series II na IIA ni ile ya kukanyaga kwa mguu iko sakafuni inanyweshwa matope na maji tangu gari jipya, halafu zinapita viungo vya waya vyenye umbo la risasi vya Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, vilivyoota ukungu wa kijani, ndio zifike kwa globu kwenye kiwaya chembamba. Kila kiungo kinakula chake. Washa taa injini ikiwa inaunguruma, betri inakusomea volti 14, gusa nyuma ya globu unakuta 11.8. Na mwanga haupungui sawa na volti, unaporomoka: ukipoteza asilimia 10 ya volti umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, kwa hiyo huyu wa 11.8 anaendesha usiku na nusu ya taa na kidogo juu, hata kama globu kainunua jana.

Sasa wewe unaniambia niweke wati 100. Wati 100 mbili zinataka ampea zaidi ya 16, kwenye njia ileile mbovu. Umeme ukizidi kwenye njia mbovu volti zinazopotea zinazidi pia, na joto linapanda kwa kasi zaidi, kwenye ile swichi linazidi mara mbili ya lilivyokuwa. Mwanga unaongezeka kidogo sana, plastiki inayeyuka sana. Ninalo boksi hapa limejaa soketi za H4 nilizozitoa kwenye magari ya namna hii: ilikuwa nyeupe sasa ina rangi ya kahawa, ukiiminya inamomonyoka kama biskuti, na kile kipini cha katikati kimeshikana na mguu wa globu hata koleo hakitoi. Halafu mtu anasema soketi za siku hizi ni feki. Kweli feki zipo, lakini hii uliichoma wewe bosi.

Anayejitetea zaidi ni yule wa "mimi nimepima fundi, umeme upo". Umepima vipi? Amechomoa soketi, kaweka mita, kaona 12.6. Ndugu yangu, soketi ikiwa imechomolewa hakuna umeme unaotembea, na usipotembea haupotei, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakusomea 12.6. Pima taa zikiwa zimewaka, globu ikiwa ndani. Mguu mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye chanya ya globu kwa nyuma, kinachosomeka hapo ndicho kinachopotea njiani. Ikizidi nusu volti una kazi ya kufanya. Halafu rudia upande wa hasi, maana watu wengi upande huo hawaugusi kabisa: bodi ni alumini, bolti ni chuma, vikikutana na unyevu vinakulana, na ethi ya taa, yaani njia ya umeme kurudi betri, inategemea hapohapo. Mimi siku zote navuta waya mweusi kutoka kila taa mpaka hasi ya betri moja kwa moja, hata mteja akiniona nampotezea waya.

UONGO WA PILI: rilei inaongeza umeme, au inamaliza betri. Vyote viwili hapana. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme kidogo, koili yake inakula kama ampea 0.2 basi. Unachofanya ni kuipunguzia kazi swichi ya zamani, badala ya kubeba ampea 10 inabeba hiyo 0.2, na umeme mkubwa unapita njia fupi ya mbele. Miguu ya rilei ina namba: 30 inakuja na waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye globu, 85 ethi, 86 unaipa ule waya wa zamani uliokuwa unaenda kwenye taa. Kwa rangi za Lucas bluu yenye mstari mweupe ni full, bluu yenye mstari mwekundu ni dim, kwa hiyo rilei mbili, kila mmoja na yake. Waya wa kulisha mimi naweka milimita za mraba 4 mpaka kwenye rilei na 2.5 kwenda kwenye taa. Ukinunua rilei ya miguu mitano angalia ule wa katikati ulioandikwa 87a, ukiuunga huo taa zitawaka swichi ikiwa imezimwa, na usiku utanipigia simu.

Zile za zamani kabisa ambazo chanya ndiyo iko kwenye bodi, rilei ya kawaida haijali koili umeigeuza vipi, ila ukichukua yenye dayodi ndani, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ukaunga kinyume imekwisha.

UONGO WA TATU: fyuzi kubwa ndiyo salama kwa sababu haikatiki. Fyuzi inalinda waya, globu haihusu. Ukiweka ya 30 kwenye waya wa milimita 1, siku waya ukigusa bodi unaoungua ni waya, na wenyewe umepita chini ya dashibodi mbele ya magoti yako. Magari mengi ya Kiingereza ya enzi zile taa kubwa hazikuwa na fyuzi kabisa, kwa hiyo usiniambie "kiwandani hawakuweka". Na ile fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35, hiyo 35 ndipo inapokatika, ya kubeba muda wote ni 17, kwa hiyo ukiweka fyuzi bapa ya kisasa badala yake weka 15, usiweke 35.

Fyuzi moja kwa taa zote mbili sikufungii. Ikikatika uko kwenye kona usiku, giza pande zote. Naweka ya ampea 10 kila upande, full na yake na dim na yake, jumla nne, na moja kubwa ya 30 karibu kabisa na betri, shubiri moja isizidi.

UONGO WA NNE: wairingi ya rilei ya dukani inaingia gari lolote. Kwenye Land Rover sawa. Kwenye Land Cruiser nyingi za zamani swichi inakata upande wa hasi, globu ina chanya muda wote, ukichomeka ile ya kawaida unapata vituko, taa ya full ya dashibodi ndio inaanza kuchezacheza. Pima kwanza.

LED za kuchomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa globu sitaki hata kuzizungumzia, zinamulika machoni mwa anayekuja na barabara huioni.

Na ukizifunga hizo rilei, miguu yake itazame chini, sio juu, maji ya mvua yakipitia kwenye boneti yasipate pa kukaa.