Mashine ya maabara inayodai Windows XP: kabla hujaigusa

Mtu akileta kompyuta kwenye kitengo chetu cha TEHAMA na kusema "naomba mnipigie window", yaani tumwekee Windows upya, swali letu la kwanza ni: window ipi? Mara nyingi jibu ni la kawaida. Ila kila baada ya miezi kadhaa hutokea mmoja anayetaka XP, Windows ya zamani sana, na vijana walioko mafunzoni hucheka. Huwa nawanyamazisha. Anayetaka XP leo ana mashine nyingine nyuma ya hiyo kompyuta: kipimo cha maabara, mashine ya kukata stika, mashine ya karakana. Ilikuja na programu yake, programu haijui mfumo mwingine, na aliyeiuza ama alishafunga duka ama anataka ununue mpya. Kompyuta yenyewe ni ya laki moja na nusu. Kilichofungwa kwa waya upande wa pili ni cha mamilioni.

Niliwahi kuitwa kwenye maabara moja ambako majibu yalikuwa yanachapwa na tarehe ya Januari 2002. Kabla yangu alikuwa amepita fundi mwingine. Aliona tarehe imeharibika, akaamua XP imeharibika, akafuta diski na kupiga window upya. Tarehe ikarudi vilevile 2002 mara tu umeme ulipokatika. Kosa lilikuwa betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu inayokaa kwenye madabodi, bodi kuu ya kompyuta, na kuendesha saa ya kompyuta ikiwa imezimwa. Bei yake haifiki sahani ya chipsi kuku. Lakini kwenye ile diski iliyofutwa kulikuwa na mafaili ya urekebishaji wa kipimo, yale yanayoiambia programu mwanga kiasi gani ni sukari kiasi gani. Hayakuwa na nakala popote. Kipimo kilikaa bure wiki nne kikisubiri mtu wa kukirekebisha upya.

Kwa hiyo mimi sigusi kompyuta ya namna hii kabla sijanakili diski nzima. Kunakili folda mbili tatu kwenye flashi hakutoshi, kwa sababu programu hizi za zamani huficha leseni na mipangilio yake sehemu usizozitarajia. Natoa diski, naiunganisha na kompyuta nyingine, na kwa Clonezilla, ambayo ni ya bure, natengeneza nakala ya diski nzima ilivyo. Kisha nairudisha nakala hiyo kwenye diski ya pili, naifunga kwenye kompyuta ya maabara na kuiwasha. Ikiwaka na kipimo kikajibu, hapo ndipo nasema nina nakala. Mara nyingi kazi huishia hapo: diski ya zamani iliyokuwa inagonga imestaafishwa, mpya imeshika nafasi yake, na hakuna aliyepiga window.

Ikibidi kupiga upya, anza kwa kuchomoa waya wa mtandao. Wenye umri wetu wanaikumbuka Agosti 2003, pale kirusi cha Blaster kilipokuwa kinaingia kwenye kompyuta yenye XP mpya kabla hata hujamaliza kupakua kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lake. Kilikupa dakika moja inayohesabika kwenye skrini, kisha mashine inajizima na kuwaka upya. Ukuta wa kinga wa XP haukuwa ukijiwasha wenyewe hadi Service Pack 2, kifurushi cha masasisho cha Agosti 2004. Tumia CD iliyo na Service Pack 3, ya mwaka 2008, pamoja na ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ulioko kwenye stika ya kasha. Piga picha stika hiyo leo, maana wino wake unafutika. Usichukue XP "iliyokwisha kufunguliwa" kutoka tovuti usiyoijua. Hujui nani mwingine anakaa ndani yake.

Kikwazo kinachowatoa jasho vijana ni skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, inayotokea CD ikianza tu kupakia. Wanabadili CD, wanabadili RAM, wanalaumu diski. Sababu ni kwamba CD ya XP haina draiva, programu ya kuitambua diski, ya diski za SATA zinazofanya kazi kwa mtindo mpya wa AHCI. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya bodi inayofunguka kabla ya Windows, tafuta mpangilio wa SATA, uuweke kwenye IDE, mtindo wa zamani, hifadhi, anza upya. Kwenye madabodi nyingi za miaka ile hilo linatosha. Kibodi isipoitika, ihamishe kutoka tundu la bluu la USB 3, ambalo XP hailifahamu, uichomeke kwenye tundu jeusi au lile la mviringo la PS/2. Na usipoteze pesa kwenye RAM: XP ya biti 32 huona takriban GB 3 hadi 3.5 hata ukiiwekea GB 8.

Baada ya hapo watu wengi hubonyeza kitufe cha Windows Update, hakileti kitu, wakadhani wamefanya wawezavyo. Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014. Viraka vitatu lakini havirukwi, na vinawekwa kwa mkono kutoka kwenye CD: KB958644 wa Oktoba 2008, unaoziba tundu lililotumiwa na kirusi cha Conficker, KB4012598, uliotolewa kwa XP Mei 2017 baada ya kirusi cha WannaCry, na KB4500331 wa Mei 2019, unaohusu njia ya kuitawala kompyuta ukiwa mbali. Microsoft ilitoa hivyo viwili vya mwisho kwa mfumo ambao ilikuwa imeshauacha, jambo linaloonyesha ukubwa wa hofu yao. Vichukue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, vya lugha na aina ileile ya XP uliyonayo.

WannaCry inasimuliwa vibaya, niiseme kidogo. Tarehe 12 Mei 2017 ilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai fidia. Nchini Uingereza iliathiri taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za afya ya umma za England. Watu wengi hadi leo wanasema ni XP iliyoponza. Kompyuta nyingi zilizonaswa zilikuwa na Windows 7, iliyokuwa bado inatunzwa, na kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Machi. Hakikuwekwa tu.

Kompyuta inayoendesha kipimo haihitaji intaneti kabisa. Nazima kadi ya mtandao ndani ya BIOS, maana waya uliochomolewa leo utachomekwa kesho na mtu anayetaka kuangalia mpira. Sasa kinabaki kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni mtandao: flashi. Majibu yanatolewa kwa flashi, flashi hiyohiyo inakwenda stationery kuchapisha barua, inarudi. Conficker ilisafiri hivyo. XP kwa asili yake huweza kuendesha programu iliyoko kwenye flashi pindi inapochomekwa, na sasisho lililozima tabia hiyo lilienea Februari 2011, baada ya Service Pack 3. Kwa hiyo XP uliyoipiga kwa CD bado inayo. Izime mwenyewe kwenye mipangilio ya autorun. Halafu tenga flashi moja ya kazi hiyo, ifunge kwenye kamba nyekundu, na iishie kwenye kompyuta moja tu yenye kinga ya virusi ya kisasa, itakayoisafisha kila inaporudi.

Matunzo mengine ni ya mikono kuliko ya kompyuta. Mara mbili kwa mwaka fungua kasha, pulizia vumbi nje ya maabara, na utazame zile kopo ndogo, kapasita, kwenye madabodi: kichwa kikianza kuvimba, bodi inaaga, na uanze kuitafuta nyingine ya aina ileile kabla haijafa. Badili betri ya saa kila miaka mitatu bila kusubiri tarehe iharibike. Weka UPS, umeme unaokatika na kurudi ghafla umeniulia diski nyingi kuliko virusi. Na acha kila mwaka nakala mpya ya diski nzima, iandikwe tarehe, ikae jengo lingine.

Wapo wanaouliza kama XP inaweza kuhamishiwa ndani ya kompyuta mpya kwa VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine. Kipimo kinachozungumza kwa waya wa serial au USB mara nyingi hukubali, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda. Kinachotumia kadi maalumu iliyochomekwa ndani ya kasha kwa kawaida hugoma; hapo tunza bodi ya zamani kama nilivyoeleza.

Na yapo maswali yanayomiminika tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025: basi na mimi niifungie hivyo, niendelee nayo? Hapana. Ya maabara inafanya kazi moja na haizungumzi na mtu. Ya kwako ndiyo unayofungulia barua pepe na akaunti ya benki, na huwezi kuikata intaneti ikabaki na maana. Kama haikubali Windows 11 kwa sababu ya kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0, iletwe tuiwekee Linux, mfumo mwingine usio Windows, au ibaki ya kuandikia tu, waya wake tuuchomoe.