Kanieneo si kani

Juzi jioni nilikaa na wanafunzi wa kidato cha tatu waliokuwa wakijipima kwa maswali ya Kanuni ya Boyle, isemayo kwamba jotoridi lisipobadilika, ujazo wa gesi ukipungua nusu kanieneo yake huwa maradufu. Mmoja wao alikokotoa vizuri kabisa kwamba hewa ya sentimita za ujazo 20, yenye kanieneo ya kilopaskali 100, ikibanwa hadi sentimita za ujazo 10 bila jotoridi kubadilika, hufikia kilopaskali 200. Kisha akawaeleza wenzake: "Kwa hiyo kani ya gesi imekuwa maradufu." Wote wakaitikia. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, hata kwa walimu, na inaniuma kwa sababu neno letu wenyewe, kanieneo, linaikataa.

Kanieneo ni kani inayosukuma uso fulani ikigawanywa kwa eneo la uso huo, na kizio chake ni paskali, yaani nyutoni moja kwa kila mita moja ya mraba.

Neno lenyewe limeungwa kwa maneno mawili ambayo kila mtu anayajua. Kani ni nguvu, na katika mazungumzo ya kawaida husemwa pia kwamba mtu ameshika kani pale anaposhikilia jambo na kukataa kulegea. Eneo linatokana na kitenzi kuenea: ni pale kitu kinapofikia kinapotandazwa. Ukiyaweka pamoja unapata picha ya kani iliyoenea juu ya uso, si kani iliyorundikwa mahali pamoja. Neno "presha" halikupi picha hiyo, kwa kuwa wengi wakilisikia hufikiria ugonjwa wa shinikizo la damu. Na "mgandamizo", ambalo tumelizoea katika utabiri wa hali ya hewa, linatuonyesha kitu kinachogandamizwa bila kutuambia kwamba kuna kugawanya. Katika kanieneo, nusu ya pili ya neno ndiyo inayokukumbusha kugawanya, na hiyo ndiyo nusu ambayo mwanafunzi wetu aliiacha.

Kosa lake hujificha kwa sababu ndani ya sirinji moja eneo la pistoni halibadiliki, hivyo kanieneo ikiwa maradufu, kani ya hewa ya ndani juu ya pistoni nayo huwa maradufu. Chukua basi sirinji mbili, moja yenye pistoni ya sentimita 1 ya mraba na nyingine ya sentimita 4 za mraba. Ziba tundu la kila moja kwa kidole na uibane hewa yake hadi nusu ya ujazo wa awali. Zote mbili zitafikia kilopaskali 200. Ukiacha msuguano, na ukikumbuka kwamba hewa ya nje inakusaidia kusukuma kwa kilopaskali 100, dole gumba litahitaji nyutoni 10 kuizuia ile nyembamba isirudi, na nyutoni 40 kuizuia ile nene. Kanieneo ni ileile, lakini kani ya moja ni mara nne ya nyingine, na mkono unaihisi tofauti hiyo kabla ya kalamu kuiandika.

Robert Boyle mwenyewe, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1662, hakupima kani. Alitumia bomba la kioo lililopinda mfano wa herufi J, akafungia hewa katika mkono mfupi uliozibwa, akamimina zebaki katika mkono mrefu na kusoma tofauti ya kimo. Hewa ilipobaki nusu ya ujazo wake, zebaki ilikuwa imesimama juu zaidi kwa takriban inchi 29, karibu sawa na kimo kinachobebwa na angahewa lenyewe. Bomba pana zaidi lingebeba zebaki nzito zaidi, lakini uzito huo ungeenea juu ya eneo kubwa zaidi kwa kiwango kilekile, na kimo kisingebadilika. Kwa sababu hiyo hadi leo tunaweza kusema kanieneo ya kawaida ya angahewa ni milimita 760 za zebaki bila mtu kuuliza upana wa bomba.

Nilimwomba yule mwanafunzi asifute hata tarakimu moja ya kazi yake. Abadilishe neno moja tu, aseme "kanieneo imekuwa maradufu", na neno kani aliweke akiba hadi swali litakapompa eneo la pistoni.