Wiki ya mbalamwezi ndiyo wiki ngumu

Mvuvi wa dagaa Ziwa Victoria hufanya kazi gizani. Taa zikishawashwa dagaa hufuata mwanga, nyavu zinavutwa. Mwezi ukikomaa, taa hazifui dafu, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa mchangani na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa, pesa ya mgawo mfukoni, kazi hamna. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mwanza, na miongoni mwa wavuvi ninaowahudumia, wengi waliorudia pombe waliirudia siku hizo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Sista, kikundi cha kuacha pombe kiko wapi?" nami humuuliza kwanza: kiu inakushika lini? Kikundi cha Jumamosi jioni katikati ya mji kitamsaidia karani wa Nyegezi. Kijana wa Mwaloni ambaye huanza kuzimua saa moja asubuhi anahitaji watu atakaowafikia saa hiyo, hata kwa simu.

Kuna jambo moja halisubiri kikundi. Kama unakunywa kila siku, na ukikosa pombe mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo. Watu hufa kwa hali hiyo, na ndugu hudhani amerogwa. Nenda hospitali ya Bugando, ya Sekou Toure au kituo cha afya kilicho karibu, useme ukweli kuhusu kiasi unachokunywa. Kuna dawa za kutuliza mwili na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Ukishatulia, kikundi kinaanza kuwa na maana.

Sasa kukitafuta. Sitaandika anwani hapa kwa sababu vikundi huhama. Leo wako ukumbi wa kanisa, mwezi ujao darasani. Anza kliniki ya afya ya akili na kwa afisa ustawi wa jamii. Kisha muulize mtu unayemfahamu aliyeacha pombe. Huyo ndiye ninayemwamini zaidi, kwa kuwa anajua kikundi kipi bado kinakutana na kipi kimebaki jina. Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA, ina orodha ya mikutano kwenye tovuti yake, pamoja na mikutano ya mtandaoni kila siku. Piga simu kabla ya kupanda daladala. Mtu aliyejikaza wiki nzima akakuta mlango una kufuli, hatarudi kirahisi.

AA ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale Bill Wilson, dalali wa hisa, alipokaa na Bob Smith, daktari wa upasuaji, wakazungumza kama walevi wawili. Bado ni hivyo hivyo: hakuna ada, na sharti la kujiunga ni kutaka kuacha kunywa. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 zenye washiriki 10,565, wakakuta kwamba programu za kumsaidia mtu aingie AA na kufuata hatua zake kumi na mbili za kuacha pombe humsaidia kukaa bila pombe kabisa sawa na tiba nyingine, na mara nyingi zaidi yake.

Siku ya kwanza uliza kama mkutano ni wa wazi, ambao hata mkeo anaweza kukaa, au ni wa wenye tatizo peke yao. Utakuta mabenchi, pengine chupa ya chai. Mmoja mmoja anataja jina lake la kwanza na kusimulia, hakuna anayemkatiza. Zamu yako ikifika, kusema "naitwa fulani, leo nasikiliza tu" kunatosha. Neno "mlevi" kwetu ni tusi la mtaani, na sioni sababu ya kumlazimisha mgeni ajiite hivyo siku ya kwanza. Kapu la michango likipita, mgeni halazimiki kutoa chochote. Kabla ya kutoka, chukua namba za watu wawili, wa jinsia yako. Hilo nalisisitiza kuliko yote.

Hofu kubwa ya hapa ni kukutana na jirani. Naielewa, mji wetu watu wanajuana. Lakini jirani huyo naye kaja kwa shida ileile, na yanayosemwa mle hubaki mle. Ukiona kikundi ambacho siri zinatoka, kihame mara moja.

Na kama hakipo kabisa, kwa mfano uko kisiwani Ukerewe? Kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wanaokutana ili waache pombe tayari ni kikundi, mradi hakifungamani na taasisi nyingine.

Kikundi kimoja cha wavuvi ninachokijua kiliacha kupanga mikutano kwa tarehe. Mzee mmoja kati yao, aliyeacha gongo, alibandika kalenda ukutani akazungushia siku za mbalamwezi kwa kalamu nyekundu. Siku za giza, wakati wa kuvua, wanakutana mara moja kwa wiki, wale waliopo. Mwezi ukikomaa wanakutana kila siku saa nne asubuhi, huku wakishona nyavu.