Maji mengi hayafanyi maziwa kuwa mepesi

Kwa wafugaji wadogo wa Dodoma, toka Kongwa hadi Bahi, bado utasikia kwamba ng'ombe akinywa maji sana maziwa yanakuwa mepesi. Basi anapewa ndoo asubuhi, nyingine jioni. Sivyo. Maji ya kunywa hayaendi moja kwa moja kwenye kiwele. Kiwele hutengeneza maziwa kutokana na damu, na maji yaliyomo, takriban asilimia 87, hayaongezeki kwa sababu ya ndoo ya ziada. Uzito wa maziwa hutegemea zaidi aina ya ng'ombe, malisho na muda tangu azae (na, tuseme ukweli, mkono wa muuzaji).

Ng'ombe mwenye kiu hula kidogo, na asiyekula hatoi maziwa. Hapo ndipo gharama inapopanda: mashudu ya alizeti na pumba umeshanunua, lita zimepungua. Anayekamuliwa lita kumi hivi anaweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku, hasa kwenye joto la Oktoba. Maji ya dumu yana bei yake, najua. Hata hivyo, mwachie maji safi kivulini mchana na usiku, upime maziwa ya wiki nzima, ndipo ufikirie kuongeza gunia la mashudu.