Gari la Uwanja wa Ndege Dar: Unacholipia Hasa ni Kusubiriwa

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wowote ni huu: "Uwanja wa ndege mpaka Mikocheni shilingi ngapi?" Ni swali la haki, ila halijibiki lilivyo. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Posta, katikati ya jiji, ni kilomita kama 12 tu, na kama ingekuwa umbali peke yake ningekutajia nauli hapo hapo. Kinachopandisha bei ni dereva aliyeegesha gari Kipawa, pale uwanjani, usiku, hajui utatoka saa ngapi, na hawezi kuondoka kutafuta abiria mwingine. Kazi yangu ni kupanga magari ya kupokea wageni, na ugomvi mwingi ninaousuluhisha kati ya mgeni na dereva hauhusu barabara hata kidogo. Wanabishania muda: ulianza kuhesabiwa lini, na nani aliukosea.

Kwa hiyo kabla ya bei, uliza utasubiriwa kwa muda gani bila kuongezewa hela, na muda huo unaanza kuhesabiwa lini. Kampuni nyingi hutoa dakika 60 kwa ndege za nje na pungufu ya hapo kwa ndege za ndani. Dakika 60 tangu ndege iguse ardhi zinatosha kwa abiria wengi. Dakika 60 tangu saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni mtego, kwa sababu ndege ikichelewa kidogo tu unatoka nje ukiwa tayari unadaiwa. Maneno yanafanana, pesa zinatofautiana. Yapate kwa maandishi.

Kisha niambie wewe ni abiria wa aina gani. Mwenye pasipoti ya Tanzania hupita uhamiaji upesi, halafu anasimama kwenye mkanda wa mizigo kama wenzake wote. Mgeni aliyeomba viza mtandaoni kabla ya safari naye hana shida sana. Anayelipia viza pale pale, dola 50 kwa wengi na 100 kwa Wamarekani, anapanga foleni ya malipo kwanza, na zikitua ndege mbili kubwa kwa pamoja saa nzima inaweza kuishia humo ndani. Bado kuna kadi ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na mashine ya forodha ya kupitishia mabegi. Watu hunieleza rangi ya shati watakalovaa, lakini habari ya viza, ambayo ndiyo inayoniwezesha kupanga gari, wanaikalia kimya.

Namba ya ndege nayo ina mambo yake. Mtu anatoka Birmingham kupitia Dubai, ananitumia namba ya ndege ya Birmingham. Ndege hiyo haifiki Dar, na hata nikiifuatilia usiku kucha itaniambia imetua salama Dubai. Ninayoitaka ni ya kipande cha mwisho. Pia kuna tiketi inayouzwa na shirika moja huku ndege yenyewe ikiwa ya shirika jingine. Chini ya namba huwa pameandikwa kwa herufi ndogo nani anaiendesha safari, na hilo ndilo jina linaloweza kukuonyesha ndege yako ipo wapi. Nikiwa na namba sahihi naifungua Flightradar24, programu ya kufuatilia ndege, nikiona imechelewa dereva hana haja ya kutoka nyumbani, na wewe hulipii maegesho ya saa mbili za ndege ambayo bado iko juu ya Somalia.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo Waswahili tunapoumizana wenyewe kwa wenyewe.

Ndege kadhaa za nje hutua Dar usiku mkubwa. Chukua inayotua 03:00, Jumatano. Mama yake msafiri ananipigia. "Shikamoo mama, mgeni anaingia lini?" "Marahaba mwanangu, Jumatano usiku, saa tisa." Mama hajakosea. Kwa namna tunavyozungumza, Jumatano usiku ni usiku unaofuata mchana wa Jumatano, yaani wa kuamkia Alhamisi. Tiketi inaongelea usiku wa kuamkia Jumatano. Dereva akimsikiliza mama, atafika uwanjani saa 24 baada ya mgeni kutoka. Mbaya kuliko zote ni ndege ya 00:30: kwa tiketi tarehe imeshabadilika, kwa watu wa nyumbani bado ni usiku ule ule, na wengine hawajafikiria kulala.

Halafu kuna anayeandika "3:00" bila neno jingine. Dereva anayekaa Vingunguti anasoma saa tatu, na saa tatu kwake ni asubuhi. Anakuja saa tatu kamili asubuhi, amenyoosha shati, gari limeoshwa, na mgeni keshaondoka na teksi ya pale uwanjani saa sita zilizopita.

Kwangu hakuna oda inayopita bila kuandikwa hivi: "usiku wa kuamkia Jumatano, saa 9 usiku, 03:00", pamoja na tarehe. Ni maneno mengi kwa jambo dogo, najua. Wateja wengine hunicheka. Na kwa ndugu zetu wa Muscat na Dubai, ambako saa iko mbele ya kwetu kwa saa moja: usiibadilishe. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa majira ya kule na saa ya kufika kwa majira ya huku. Ukipunguza saa moja kwa kutusaidia, umetuharibia.

Jengo nalo litaje, ingawa namba ya ndege kwa kawaida inatosha kunionyesha. Ndege za nje hushukia Jengo la Tatu, lililofunguliwa rasmi Agosti 2019. Safari nyingi za ndani ziko Jengo la Pili, lile la mwaka 1984, na ndege ndogo za kwenda Zanzibar na mbugani ziko Jengo la Kwanza, ambalo vijana wengi wa Dar hawajawahi hata kulikanyaga. Haya si majengo ya kuvuka ukumbi ukatokea jingine, hasa ukiwa na mabegi. Dereva akikosea jengo, mnapoteza muda kwa simu za "mimi nipo hapa mlangoni" na "mbona hata mimi nipo mlangoni".

Na unakokwenda? Usiniandikie "Mbezi". Dar ina Mbezi Beach, iliyo Barabara ya Bagamoyo, na ina Mbezi ya Barabara ya Morogoro, iliyo na stendi kuu ya mabasi ya Magufuli. Njia zake zinaachana mapema na bei hazilingani. Andika mtaa, taja kitu kinachojulikana hapo jirani, na utume alama ya ramani kama unaweza. Mwenyeji wako aandike, wewe uliyekaa Minnesota miaka mingi usikisie kwa kumbukumbu. Sheli uliyoiacha kwenye kona leo ni ghorofa.

Gari lenyewe ni habari ya mabegi kuliko watu. Toyota IST inabeba abiria wanne vizuri kabisa, ila buti yake inameza begi kubwa moja na dogo moja, basi. Msafiri anayetoka Marekani au Ulaya mara nyingi ana mabegi mawili ya kilo 23, na akija na mke na watoto wawili hesabu yake ni mabegi manane. Hapo hata Noah inabidi ulaze siti za nyuma, na ukishazilaza unahesabu upya watu watakaa wapi. Alphard ina nafasi ya kukaa kifalme lakini siti zote zikitumika buti yake haina maajabu. Kwa familia ya namna hiyo mimi hutuma Hiace, na wakinuna kwamba si gari la heshima nawaachia uamuzi. Kiti cha mtoto omba siku ya kuagiza, wengi hatuna akiba.

Ukifika kwenye gari tazama namba. Tanzania Bara gari la biashara ya kubeba abiria lina kibao cheupe, gari la mtu binafsi cha njano. Kibao cha njano kinachokutoza nauli ni teksi bubu, hata dereva awe na tabasamu namna gani, na ikitokea ajali mazungumzo na kampuni ya bima yatakuwa marefu. Omba jina la dereva, namba ya gari na namba yake ya simu kabla hujapanda ndege, uviandike mahali pasipohitaji intaneti. Ukitua laini yako ya nje inaweza isifanye kazi, na simu iliyochezewa filamu saa saba angani huwa imeshazima.

Kuhusu karatasi yenye jina lako: inasaidia, lakini inasomwa na kila mtu aliyesimama pale nje. Mpiga debe akishaona "Familia ya Mushi" hashindwi kukujia, "Karibu sana kaka Mushi, gari liko huku." Usimuulize, "Wewe ndiye wa kunipeleka Mikocheni?" maana atakubali. Muulize, "Unanipeleka wapi?" Wa kweli atajibu bila kutafuta maneno.

Bei sasa. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kutoza bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi, kwa hiyo ukiona gari la kwenda mjini linanadiwa kwa dola, omba shilingi. Na usishangae bei niliyokutajia mwezi uliopita isipokuwa ya leo: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nasi tunaifuata. La muhimu ni kupata jumla moja iliyoandikwa, yenye maegesho ndani yake, nyongeza ya usiku kama ipo, na tozo ya daraja kama unakwenda Kigamboni. Malipo ya awali ni kawaida, ila yaende kwenye lipa namba ya biashara, na jina litakalotokea kwenye simu lifanane na la kampuni unayozungumza nayo. Anayetaka hela yote mapema kwenye namba yake binafsi, achana naye.

Nami niseme ukweli unaoniharibia biashara: kama uko peke yako, unatua mchana, una begi la mkononi na laini ya hapa, ita gari kwa programu ya simu au nenda kwenye kituo cha teksi za uwanja. Utalipa kidogo. Kuagiza mapema kunafaa usiku, kwa wazee, kwa watoto, kwa mizigo mingi na kwa mgeni asiyejua Kiswahili wala mji.

Tena kunafaa kwa mwenye kuunganisha safari. Anayetua alfajiri ili awahi boti ya asubuhi ya Zanzibar anateremka Barabara ya Nyerere, anapita juu ya makutano ya TAZARA kwenye daraja la Mfugale lililofunguliwa 2018, Kamata, Gerezani, hadi bandarini mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Alfajiri ni mwendo mfupi. Saa mbili asubuhi, mji mzima unapoingia kazini kwa njia hiyo hiyo, ni safari nyingine. Anayekwenda Masaki huendelea mjini na kuvuka daraja la Tanzanite. Wa Mbezi Beach anakata kona TAZARA, anafuata Barabara ya Mandela mpaka Ubungo, kisha ya Sam Nujoma hadi Mwenge. Mandela ndiyo njia ya malori ya bandari, na lori likiharibika karibu na Buguruni hakuna dereva hodari. Na kuna msafara wa viongozi. Barabara ya Nyerere ndiyo inayounganisha uwanja na Ikulu, kwa hiyo akija mgeni wa taifa magari yote yanasimamishwa pembeni, na wewe pia. Hili dereva halipangi wala haliombei radhi, na muda huo asikutoze kwa kusubiri.

Safari ya kurudi uwanjani watu huipanga kwa kubahatisha. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya ndege ya nje kuruka. Kwa ndege ya saa 4 usiku natuma gari Mbezi Beach saa 11 jioni, wakati ofisi zinaachia watu, na karibu kila mteja huniambia ni mapema mno. Siku njia ikiwa nyeupe mnafika saa 12 na nusu, unakaa unakunywa chai. Cha kuangalia ni bei: safari hii dereva anakuta mabegi yako yako mlangoni na hakuna foleni ya viza ya kungojea. Ukiona umetozwa sawasawa na siku ya kuja, au zaidi, muulize aliyekupangia gari anakutoza kusubiri gani.