Makala ndefu ni nini hasa?

Ukijaza kurasa kumi kuhusu bei ya mafuta, bado hujaandika makala ndefu. Huenda umeandika ripoti, au umemchosha msomaji tu. Mwandishi wa makala ndefu hukaa na jambo moja kwa wiki au miezi, akahoji watu, akapekua nyaraka, akarudi na kisa chenye watu, mahali na mfuatano wa matukio, bila kubuni hata kimoja.

Mfano unaotajwa sana ni wa Agosti 1946. Jarida la The New Yorker lilitoa toleo zima kwa makala moja ya mwandishi John Hersey kuhusu mji wa Hiroshima, Japani, maneno kama 31,000. Awali ilikusudiwa itoke kwa sehemu nne. Bomu la atomiki lilikuwa limeangushwa huko mwaka uliotangulia, na Wamarekani walishasoma vya kutosha juu ya nguvu zake na siasa zake. Hersey akafuata watu sita walionusurika: karani wa kiwanda, madaktari wawili, mjane wa fundi cherehani, padri wa Kijerumani na mchungaji wa Kimethodisti. Anaanzia saa mbili na robo asubuhi. Karani ndiyo kwanza amekaa, anageuka kumsemesha mwenzake wa meza ya jirani. Mjane yuko dirishani jikoni, anamtazama jirani akibomoa nyumba yake ili moto wa mabomu ukija usipate pa kuvukia. Mwandishi hafoki wala halaani. Anasimulia tu, na ndiyo maana inauma.

Si lazima iwe vita. Mwandishi wa habari Ida Tarbell alianza mwaka 1902 kuchapisha katika jarida la McClure's la Marekani mfululizo kuhusu kampuni ya mafuta ya Standard Oil, akitegemea zaidi kumbukumbu za mahakama na nyaraka nyingine. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru kampuni hiyo ivunjwe. John McPhee naye, mwaka 1966, aliandika kuhusu machungwa. Machungwa tu! Lakini ndani yake kuna mashamba ya Florida, viwanda vya juisi na wakulima.

Kazi hii ni ghali: nauli, malazi, mshahara wa mtu ambaye huenda asichapishe chochote kwa miezi, na mhakiki wa kuwapigia simu waliohojiwa kuuliza kama kweli walisema hivyo. Magazeti yetu ya Kiswahili, kwa uhaba wa kurasa, huikata vipande vya kila wiki, na nusu ya kila kipande huliwa na kukumbushia kilichopita.

Ukipendekezewa makala ya namna hii, iwe ya siasa, chakula au biashara, angalia aya za mwanzo: mwandishi alikwenda wapi, alizungumza na nani, alishika karatasi gani? Kama hadi aya ya tano hakuna mtu wala mahali, hayo ni maoni yaliyorefushwa.